Kitabu cha Tiketi Katika Mkoba wa Mama

Katika nyumba nyingi za jimbo la California, huko Marekani, bado kuna kijitabu cha karatasi kilichosahaulika ndani ya droo, pamoja na vifungo vya nguo na picha za zamani. Ukikifungua utakuta kuponi mbili tatu za rangi, kila moja ina herufi yake kubwa: A, au B, mara moja moja C. Ya E hutaiona. Kuponi za E zilikwisha siku ile ile kitabu kiliponunuliwa, pengine hata kabla ya chakula cha mchana.

Hicho ni kitabu cha tiketi cha Disneyland, ile bustani kubwa ya burudani iliyofunguliwa katika mji wa Anaheim mwaka 1955. Kwa zaidi ya miaka 26, familia zilizokwenda kule zilihesabu furaha yao kwa herufi. Watoto wa siku zile leo wana wajukuu, na wakikutana hawachoki kusimulia: nani aliangusha kuponi yake majini, nani aligombana na dada yake kwa ajili ya E ya mwisho, nani alilazimishwa kupanda bembea ya farasi akiwa na miaka kumi na mitatu kwa sababu tu A ilikuwa haijatumika. Ukiwasikiliza kwa mbali utadhani wanazungumzia michezo. Kumbe wanazungumzia tiketi.

Mpenzi msomaji, huenda hujafika Disneyland wala hutarajii kufika. Hata hivyo jambo hili linamgusa kila mama aliyewahi kuwatoa watoto matembezi akiwa na fedha za kuhesabu. Fedha zisipotosha kila kitu, nani anachagua, na anachagua nini? Kile kijitabu kililijibu swali hilo kwa namna yake, na namna hiyo sasa haipo.

Pochi isiyofungwa

Walt Disney mwenyewe alieleza kwamba wazo la bustani lilimjia alipokuwa akiwapeleka binti zake wawili, Diane na Sharon, kwenye bembea ya farasi katika bustani ya Griffith Park mjini Los Angeles. Watoto walizunguka juu ya farasi wa mbao. Yeye aliketi kwenye benchi akitafuna karanga, hana la kufanya. Akaona panahitajika mahali ambapo wazazi na watoto watafurahi pamoja. Nadhani kila mama analijua benchi lile.

Siku ya ufunguzi, Julai 17, 1955, ilikuwa ya wageni walioalikwa tu, nayo ilikuwa na vituko vyake. Tiketi za mwaliko zilighushiwa, wakaingia watu wapatao 28,000, umati ambao hakuna aliyejiandaa kuupokea. Jua lilikuwa kali. Lami ilikuwa haijakauka vizuri, visigino virefu vya akina mama vikazama ndani yake. Kwa sababu ya mgomo wa mafundi bomba, Disney alikuwa amelazimika kuchagua kati ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa, naye akachagua vyoo. Watu walilalamika kwa kiu, lakini hapo mimi namwunga mkono bila kusita. Mtoto mwenye kiu hununuliwa soda. Mtoto aliyebanwa na haja hasubiri lolote.

Miezi ile ya kwanza hapakuwa na vitabu vya tiketi. Mtu mzima alilipa dola 1 langoni, mtoto senti 50, kisha kila mchezo ulilipiwa peke yake kwa fedha taslimu. Mama yeyote aliyewahi kupeleka watoto kwenye bembea za maonyesho anajua kinachofuata. Pochi haifungwi. Senti kumi hapa, senti ishirini na tano pale, na kila mtoto anapovuta sketi yako, jibu lako lina bei. Ukisema ndiyo, unahesabu kimoyomoyo nauli ya kurudi nyumbani. Ukisema hapana, wewe ndiwe mbaya. Haikuchukua muda wageni wakaanza kunung'unika kwamba mahali pale ni ghali.

Ndipo Oktoba 1955 kampuni ikaleta kitabu. Kwa dola 2 na senti 50 mtu mzima alipata kiingilio na kuponi za michezo minane. Herufi zilikuwa A, B na C tu. Mwaka 1956 ikaongezwa D. E, iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote, ilichelewa hadi mwaka 1959.

Hesabu ya herufi

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi, hata mtoto asiyejua kusoma aliuelewa. A ilikuwa ya vitu vidogo na vya taratibu: gari la kukokotwa na farasi katika barabara kuu, au bembea ya farasi. C ilikupeleka kwa Peter Pan, au kwa Dumbo, yule tembo anayeruka. Kwa D ulipanda treni ya moshi au meli ya Mark Twain yenye gurudumu kubwa nyuma. Mchezo uliopendwa sana uliweza kupandishwa herufi. Ile safari ya mashua katika msitu wa kutengenezwa, kwa mfano, ilianza chini ikaishia kuwa E.

Juni 1959 yalizinduliwa mambo makubwa matatu kwa pamoja: treni ya reli moja, safari ya nyambizi, na Matterhorn, mlima wa bandia wenye urefu wa mita 45 hivi ambao ndani yake magari huteremka kwa kasi huku watu wakipiga kelele. Hayo yakapewa E. Baadaye wakaingia maharamia wa mwaka 1967, jumba la mizimu la mwaka 1969 na safari ya anga za juu ya mwaka 1977. A ilibaki na thamani ya senti 10, wakati E katika miaka ya 1970 ilifika senti 85.

Usidhani kampuni ilifanya hisani. Ndani ya kitabu kimoja herufi zote zilichanganywa, na E zilikuwa chache. Aliyemaliza E zake hakutaka kutupa C na B alizokwisha kuzilipia, kwa hiyo akaenda kuzitumia kwenye michezo ambayo pengine asingeigusa. Hivyo watu wakatawanyika, na foleni za michezo mikubwa zikapungua. Ilikuwa biashara ya akili. Lakini ndani ya biashara hiyo familia zilipata kitu ambacho hakikuandikwa kwenye jalada.

Vitabu vilinunuliwa langoni, cha mtu mzima na cha mtoto, na katika familia nyingi mama ndiye aliyevitia vyote mkobani. Halafu ilibidi watu wakae kitako. Ramani ikatandazwa magotini. Kaka anataka E zote zitumike asubuhi hii hii. Dada anasema tuweke moja ya usiku, taa zitakapowashwa. Mdogo wao hajui E ni nini, yeye anamtaka tembo. Baba anauliza kama kuna mahali pa kupumzika. Hapo ndipo mtoto wa miaka saba alipojifunza kwamba akienda mlimani mara mbili, nyambizi hataiona. Hakuelezwa kwa mahubiri. Alizishika kuponi mkononi, akaziona zinapungua.

Na aliyesema "hapana" hakuwa mama. Kitabu ndicho kilichosema hapana. Akina mama, mnajua tofauti ya mambo hayo mawili. Fedha zilikwisha kulipwa asubuhi, jambo limekwisha, na kuanzia hapo mama naye angeweza kuwa upande wa watoto katika kupanga. Nauli ya kurudi ilikuwa salama.

Kuponi iliyobaki haikuoza. Ilirudi nyumbani mkobani, ikawekwa, na mwaka uliofuata ikaja tena pamoja na kitabu kipya. Wengi walirudi na A na B peke yake, ndiyo maana droo bado zinazo.

Jambo moja zaidi, ambalo naona halisemwi vya kutosha. Katika utaratibu ule wa kulipia mchezo mmoja mmoja, bibi aliyekuja kuwaangalia wajukuu hakulazimika kununua kitabu. Aliweza kulipa kiingilio tu, akaketi kivulini na vikapu vya chakula, akawapungia mkono wakipita. Vivyo hivyo mama mjamzito, au mama mwenye mtoto mchanga kifuani. Mtu alilipia alichotumia. Tuliweke hilo akilini, tutaliona lilivyogeuka.

Neno lenyewe lilivuka geti la bustani. Kwa Wamarekani, "tiketi ya E" ikawa maana yake jambo la kusisimua kuliko yote. Juni 18, 1983, Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda anga za juu, aliporushwa na chombo cha Challenger, aliwaambia waliokuwa wakiongoza safari kutoka duniani kwamba safari ile ilikuwa tiketi ya E hasa. Alikuwa na umri wa miaka 32, na alikulia Los Angeles. Cha kuchekesha ni kwamba wakati huo vitabu vilikuwa vimekwisha kufutwa mwaka mzima uliopita, na hata hivyo kila mtu alimwelewa.

Kuku wa Mama Knott

Kilomita chache tu kutoka Disneyland, katika mji wa Buena Park, kuna bustani nyingine yenye historia ninayoipenda zaidi, kwa sababu ilianzia jikoni. Walter na Cordelia Knott walikuwa wakulima wa matunda madogo ya porini waliyouza kando ya barabara. Mambo yalikuwa magumu. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Juni 1934 Cordelia alikaanga kuku, akapika viazi, akaoka mikate na pai ya matunda ya shambani, akauza chakula hicho kwa senti 65. Siku ya kwanza aliwahudumia watu wanane, na sahani zilikuwa zile alizopewa siku ya harusi yake.

Habari za kuku zilienea. Miaka michache baadaye watu walikuwa wakipanga foleni kwa saa kadhaa. Mume wake, akiona watu wanachoka kusubiri, mwaka 1940 alianza kuwajengea mji mdogo wa zamani wa kuangalia, wenye nyumba za mbao kama za wachimba dhahabu. Mji ule ulijengwa ili mtu asikasirike wakati anangoja zamu ya kula! Bustani nzima ilichipuka kutoka kwenye foleni ya chakula.

Kwa miaka mingi kuingia Knott's Berry Farm kulikuwa bure kabisa. Ukitaka kupanda kitu, unalipia hicho. Ukitaka kutembea tu na watoto jioni, unatembea. Mwaka 1968 ndipo uzio ulipojengwa na kiingilio kikaanza kutozwa, senti 25 kwa mtu mzima. Ni kiasi kidogo, lakini aliyezoea kukatiza pale kama uwanja wa kijiji aliona tofauti: sasa kulikuwa na ndani na nje.

Bei moja kwa wote

Wazo la kulipa mara moja na kupanda vyote halikuwa jipya. Huko Coney Island, New York, George Tilyou alifungua bustani ya Steeplechase mwaka 1897, na kwa senti 25 mgeni alipata tiketi moja ya michezo mingi. Alikuwa mfanyabiashara wa ajabu huyo. Bustani yake ilipoungua mwaka 1907 aliweka tangazo kwamba kutazama magofu yanayofuka moshi ni senti 10.

Aliyeurudisha mtindo huo kwa nguvu ni Angus Wynne wa Texas. Mwaka 1961 alifungua Six Flags Over Texas, na kwa dola 2 na senti 75 mtu mzima alipanda kila kitu, mara nyingi atakavyo. Bustani nyingine zikafuata mtindo huo, na Disneyland ikabaki na vitabu vyake. Mwaka 1982 nayo ikaviacha. Badala yake ikauza pasi ya siku nzima, kama dola 12, bila kuponi, bila herufi.

Lazima tuseme ukweli: akina mama wengi walishukuru. Hakuna tena kuhesabu vikaratasi, hakuna kitabu kilichopotea chooni, hakuna mtoto anayelia kwa sababu E ya kaka yake bado ipo na yake imekwisha. Mtoto anayependa mchezo mmoja anaupanda mara tano, basi. Kwa familia yenye vijana wenye nguvu ilikuwa nafuu kubwa.

Ila hesabu ilihamia mahali pengine. Yule bibi wa kivulini sasa alilipa sawasawa na kijana anayepanda mlima mara nane. Na kwa kuwa mchezo mkubwa haukugharimu zaidi ya mdogo, wote waliukimbilia ule mkubwa tangu lango linapofunguliwa. Foleni zikarefuka. Kile ambacho zamani kililipwa kwa kuponi sasa kililipwa kwa kusimama juani ukiwa na mtoto mgongoni.

Mwaka 1999 kampuni ya Disney ilitafuta dawa. Ilileta tiketi ya bure iliyompangia mgeni saa ya kurudi kwenye mchezo, ili asisimame kwenye foleni. Iliitwa FastPass. Ilianzia Florida, katika bustani ya Animal Kingdom. Nitoke kidogo kwenye mada: bustani hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1998, ina kijiji kiitwacho Harambe kilichojengwa kwa kuiga mji wa Lamu, na safari ya kutazama wanyama iliyopewa jina la Kilimanjaro. Mswahili akifika huko husoma mabango ya lugha yake ukutani, akiwa maelfu ya kilomita kutoka baharini kwao. Naye alipanga saa yake ya kurudi kama wengine, bila kulipa chochote.

Mwaka 2021 FastPass ikaondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na huduma ya kulipia, inayonunuliwa kwa simu. Ilipoanza bei ilikuwa dola 15 kwa mtu kwa siku huko Florida na dola 20 huko California, juu ya kiingilio. Michezo michache inayopendwa zaidi ililipiwa peke yake, mmoja mmoja. Mwaka 2024 ikaongezwa pasi ya juu zaidi, inayogharimu mamia ya dola kwa mtu mmoja. Kiingilio chenyewe cha Disneyland, katika siku zenye watu wengi, kimevuka dola 200.

Kwa hiyo tumerudi kwenye kulipia mchezo mmoja mmoja, wasema wazee wa kitabu. Mimi sikubaliani nao kabisa. Kuponi ya E iliamua *mara ngapi* utapanda. Haikuamua *utasimama wapi*. Mtoto wa fundi bomba na mtoto wa daktari, wakishakuwa na E mkononi, walisimama katika foleni ile ile, mmoja nyuma ya mwenzake kwa kadiri walivyofika. Siku hizi foleni ni mbili. Moja inakwenda, nyingine inatazama. Na mama aliye katika hiyo ya pili ndiye anayepaswa kumjibu mtoto anayeuliza kwa nini wale wanapita. Hana kitabu cha kumsaidia kujibu.

Ramani nayo imeondoka magotini. Anayepanga siku ni yule mwenye simu, kichwa kimeinama, akigusa kioo kabla nafasi hazijaisha. Wengine wanangoja waambiwe waende wapi. Nimesoma kumbukumbu nyingi za watu wa umri wa miaka sitini na sabini kuhusu siku zao za kuponi, na karibu kila mmoja anakumbuka mabishano yale ya asubuhi, mama akiwa katikati na vijitabu mkononi. Sijui watoto wa leo watakumbuka nini kuhusu ile simu.

Ndani ya Disneyland bado vimesimama baadhi ya vibanda vilivyouza tiketi za ziada. Kimoja kina umbo la mnara wa taa za meli, karibu na mashua ndogo za hadithi. Kingine ni uyoga mkubwa, kando ya mchezo wa Alice. Watoto huvipita mbio, na wengi hupigiwa picha mbele ya ule uyoga. Wakiuliza ulikuwa wa nini, kwa kawaida bibi ndiye mwenye jibu.